Kapasita zilizovimba kwenye bodi ya Pentium 4: namna ya kuzibadilisha bila kuiua bodi

Fungua kasha la kompyuta ya mezani ya miaka ya 2002 hadi 2006 iliyokataa kuwaka, mulika tochi ya simu kando ya prosesa, uangalie vichwa vya kapasita, vile vikopo vya mviringo vinavyolainisha umeme wa bodi. Kichwa cha kapasita nzima ni bapa kama sarafu, kina mikato myembamba yenye umbo la X, K au Y. Kikiwa kimeinuka hata kidogo, ukipitisha ukucha ukahisi mgongo, kapasita hiyo imekwisha. Kikiwa kimepasuka kwenye mikato na kutoa ukoko wa kahawia, imekwisha zamani. Ipo pia aina ya tatu ambayo wengi huipita: kichwa bapa kabisa, lakini kopo limeinama upande mmoja kwa sababu gesi imesukuma mpira wa chini ukatoka. Hiyo huvujia chini, ambako jicho halifiki mpaka uiinamishe bodi. Usichanganye uvujaji huo na gundi ya kiwandani, ile ya rangi ya maziwa au kahawia hafifu iliyomwagwa kati ya kopo mbili ili zisitikisike. Gundi hubanduka vipande kwa ukucha. Elektroliti, yaani kimiminika cha ndani ya kapasita, huacha doa na kuila rangi ya bodi.

Dalili kwenye matumizi nazo huja kwa mpangilio wake. Mwanzoni mashine inawaka vizuri, ila inajizima au kujiwasha upya ukifungua programu nzito. Baadaye inagoma asubuhi, unabonyeza mara tatu nne ndipo inakubali, na ikishapata joto inafanya kazi kutwa. Hilo la asubuhi ndilo la kutilia maanani. Elektroliti iliyochoka hupitisha umeme vibaya zaidi ikiwa baridi, kwa hiyo bodi inayohitaji kupashwa kwanza mara nyingi ina kapasita mbovu hata kama vichwa vyote bado ni bapa. Mwisho kabisa feni zinazunguka, taa inawaka, skrini nyeusi.

Kabla ya kushika pasi ya kulehemu, jaribu pawa saplai nyingine unayoiamini. Kama huna, pima ile iliyopo ikiwa imeunganishwa na mashine inafanya kazi: waya wa njano uwe kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, wa rangi ya chungwa kati ya 3.14 na 3.47. Ikisoma nje ya hapo, anza na hiyo. Pawa saplai yenye kapasita zilizovimba itazipika kapasita mpya za bodi kama ilivyozipika za zamani, nawe utarudi palepale. Lakini usiifungue pawa saplai kwa kuwa tu umeshashika bisibisi: kapasita kubwa za upande wa umeme wa ukutani hushika zaidi ya volti 300, na huweza kubaki na chaji baada ya kuchomoa plagi. Nunua nyingine.

Ugonjwa wenyewe

Kapasita ya elektroliti ni tepe mbili za alumini zilizoviringishwa pamoja na karatasi iliyolowa kimiminika kinachopitisha umeme. Prosesa zilipoanza kudai umeme mwingi, viwanda vilitafuta kapasita zenye ukinzani mdogo wa ndani, ule ambao mafundi huuita ESR, na njia rahisi ikawa kuongeza maji kwenye elektroliti. Maji hushambulia alumini, kwa hiyo lazima kuwe na kemikali za kuyazuia. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, viwanda kadhaa vikatoa elektroliti ambayo vizuizi vyake havikutosha. Alumini ikageuka hidroksidi, gesi ya hidrojeni ikajaa koponi, kichwa kikavimba.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Dell OptiPlex GX270 na GX280, mashine zilizokuja kwa wingi Afrika Mashariki kama mtumba wa maofisi ya Ulaya na Marekani. Mwaka 2005 Dell ilitangaza kutenga dola milioni 300 kwa ajili ya kurekebisha OptiPlex zenye kapasita mbovu. Na kapasita zilizolaumiwa humo hazikuwa za kichochoroni. Zilikuwa Nichicon za mifululizo ya HM na HN, kampuni ya Japani yenye sifa nzuri, kutoka kipindi ambacho kopo zilijazwa elektroliti kupita kiasi. Ndiyo maana, ukikuta HM au HN za miaka ya 2001 hadi 2004 kwenye bodi, zitoe zote hata zile zisizovimba. HM za kutengenezwa baada ya hapo hazina tatizo hilo.

Sasa tazama mahali zilipokaa. Pentium 4 inakula takribani volti 1.4, lakini kwa ampea zinazofika 60 na zaidi. Umeme huo hutengenezwa kutoka volti 12 na mosfeti, swichi ndogo za kielektroniki, zinazokata na kuunganisha mara laki mbili au tatu kwa sekunde, kisha koili na kapasita huulainisha. Kila mkato unasukuma mkondo ndani na nje ya kapasita. Chukua mkondo wa ampea 2 kwa kapasita moja. Ikiwa ukinzani wa ndani ni miliohmu 12, joto linalozaliwa ndani ya kopo ni wati 0.05, si kitu. Ikiwa ni miliohmu 100, joto ni wati 0.4, na kopo la unene wa kidole halina pa kulipeleka. Litajipika lenyewe.

Dukani ndiko kazi inakoharibikia

Kapasita za kawaida zinazouzwa kwa matengenezo ya redio na amplifaya zinaweza kuwa na miliohmu 100 au zaidi. Ukienda Luthuli Avenue ya Nairobi au Kariakoo ya Dar es Salaam ukaomba "1500 kwa 6.3", utapewa kitu ambacho mita itakisoma 1500 µF (maikrofaradi, kipimo cha uwezo wa kapasita kushika chaji) bila kukosea, kitaingia kwenye matundu, mashine itawaka, na baada ya wiki chache itarudi na vichwa vimevimba. Si lazima kapasita iwe feki. Inaweza kuwa nzima kabisa, ila kazi hiyo si yake. Watu wengi wanaosema "nilibadilisha kapasita haikusaidia" wameangukia hapa.

Kwa hiyo usinunue kwa maikrofaradi na volti peke yake. Nunua kwa jina la mfululizo lililochapwa kwenye kopo, na uwe umesoma karatasi yake ya vipimo. Panasonic FM na FR zinapatikana kirahisi kwa wauzaji wakubwa wa mtandaoni. Kopo la FM la milimita 10 kwa 20 lina miliohmu 19, la 10 kwa 16 lina 26, la 8 kwa 11.5 lina 56. Unaona jinsi ukubwa wa kopo unavyoamua? Kapasita ya volti 10 na ya volti 6.3 za mfululizo huohuo, zikiwa na kopo sawa, zina ESR ileile. Ndiyo sababu kupanda volti hakudhuru ilimradi kopo halipungui. Kwa nafasi za jirani na prosesa, ambako za asili zilikuwa chini ya miliohmu 15, tafuta Rubycon MBZ au MCZ, au HM za baada ya 2004, ukiweza kuzipata. FM ya 10 kwa 20 hukubali kwenye bodi nyingi zikiwa tano au sita sambamba, lakini FM ya milimita 8 hapo usiweke.

Sheria nyingine ni fupi. Volti zisipungue kamwe. Maikrofaradi ziwe zilezile, au zizidi kidogo, hadi nusu ya zaidi. Joto lililoandikwa liwe nyuzi 105, si 85. Kipenyo kiendane na matundu: kopo la milimita 6.3 lina miguu iliyoachana milimita 2.5, la milimita 8 lina 3.5, la milimita 10 na 12.5 lina 5. Na pima urefu kabla ya kuagiza, hasa zile zilizo chini ya fremu ya kipoza joto cha prosesa, maana kopo la milimita 25 mahali pa 20 litazuia kipoza kukaa.

Kuhusu bandia: zipo kopo ndogo zilizotiwa ndani ya kopo kubwa, na zipo za zamani zilizovishwa plastiki mpya. Weka mbili za ukubwa mmoja kiganjani. Nyepesi kupita mwenzake iache. Chapa inayofutika kwa kidole chenye spiriti iache pia.

Njia ninayoipendekeza kuliko zote, kwa mtu asiyeweza kuagiza nje, ni kapasita za polima kutoka bodi mfu za miaka ya baadaye. Hizi ni zile fupi zenye kopo tupu la rangi ya fedha lisilo na plastiki, kichwa hakina mikato, na upande mmoja wa kichwa umepakwa rangi. Ndani hamna kimiminika cha kukauka, na ESR yake ni karibu miliohmu 5 hadi 8. Bodi moja iliyokufa ya soketi 1155 inaweza kukupa kumi au zaidi, na kwa fundi wa mtaani inauzwa kama chuma chakavu. Kwa sababu ESR ni ndogo hivyo, polima ya 820 µF inaweza kukaa mahali pa elektroliti ya 1500 µF pembeni ya prosesa. Usishuke chini ya nusu. Masharti mawili. La kwanza, soma volti: nyingi zilizo karibu na prosesa ni za volti 2.5 au 4. Zinatosha kwa volti 1.4 ya prosesa, ila zikiwekwa kwenye njia ya volti 5 zitakufa papo hapo. La pili, weka polima pale tu palipo na koili karibu. Kapasita iliyokaa kando ya kirekebisha volti kidogo cha miguu mitatu, kisicho na koili, mara nyingine hutegemewa iwe na ukinzani fulani. Ukiupunguza mno volti huanza kuyumba. Hapo rudisha elektroliti ya kawaida yenye ESR ndogo.

Bodi ya kawaida ya soketi 478, soketi ya Pentium 4 nyingi, itataka tano hadi nane za volti 6.3 kati ya koili na prosesa, tatu au nne za volti 16 upande wa pili wa mosfeti, na za milimita 8 zenye 1000 µF zilizotawanyika kando ya ramu na AGP, nafasi ya kadi ya picha. Badilisha kundi zima la chapa moja na mfululizo mmoja, usichague zilizovimba tu, kwani zilizobaki zilizaliwa siku moja na zile zilizokufa. Vikopo vidogo vya 10 hadi 100 µF vya upande wa sauti viache kama havivuji. Kila tundu unaloligusa bure ni nafasi ya kuliharibu.

Kutoa prosesa na kuchora ramani

Kipoza cha soketi 478 kisivutwe kikiwa baridi. Pasta yake hukauka kama simenti, na ukivuta juu prosesa inatoka na kipoza ilhali soketi bado imefungwa, miguu ikipinda. Kama mashine bado inawaka, iache iwake dakika kumi, zima, chomoa, kisha fungua kipoza na ukizungushe kidogo kushoto na kulia mpaka kiteleze. Kama haiwaki, pasha kwa kikausha nywele.

Piga picha za bodi pande zote, halafu chora kwenye karatasi: kila kapasita, maikrofaradi, volti na upande wa hasi ulipoelekea. Usitegemee alama za bodi peke yake. Bodi nyingi hupaka rangi nusu ya duara upande wa hasi, lakini zipo ambazo nusu iliyopakwa ni chanya, na aliyefuata mazoea aliunguza zote kwa mpigo mmoja. Alama ya kwenye kopo haina utata: mstari wa plastiki ni hasi, na kwenye polima upande wa kichwa uliopakwa rangi ni hasi. Kama kapasita ilishatolewa na mtu mwingine, weka mita kwenye mlio, gusa pete ya tundu la skrubu ya bodi na tundu la kapasita. Tundu linalolia ndilo hasi. Hilo litakusaidia karibu kila mahali jirani na prosesa.

Volti 16 na 6.3 zisichanganyike hata moja. Zinafanana kimo na rangi, na ya 6.3 kwenye njia ya volti 12 hulipuka kama fataki mara tu unapowasha.

Joto, na mguu wa hasi

Bodi ya kompyuta ina matabaka manne au sita ya shaba, na angalau moja zima ni la graundi, yaani njia ya hasi. Mguu wa chanya wa kapasita umeshikwa na ukanda wa shaba. Mguu wa hasi umeshikwa na bodi nzima. Pasi ya wati 30 yenye ncha ya sindano itayeyusha wa chanya kwa shida, na wa hasi haitauyeyusha kamwe: itausugua tu mpaka pete ya shaba ibanduke. Tumia pasi ya wati 60 au zaidi yenye kudhibiti joto, ncha bapa kama patasi ya milimita 2.4 hadi 3.2, kwenye nyuzi 380 hadi 400. Joto la juu kwa sekunde tano huumiza bodi kidogo kuliko joto la chini kwa nusu dakika.

Bodi za kuanzia katikati ya 2006, Umoja wa Ulaya ulipoanza kuzuia madini ya risasi kwenye vifaa vya elektroniki, nyingi zina lehemu ya bati inayoyeyuka karibu nyuzi 217. Waya wa lehemu wa 63/37 (bati 63, risasi 37) huyeyuka kwenye 183. Kwa hiyo hatua ya kwanza kwa bodi yoyote, ya zamani au mpya, ni kuongeza: paka flaksi, dawa ya kuisaidia lehemu kushika, gusa kila mguu na lehemu mpya ya 63/37 mpaka ichanganyike na ya zamani. Unaonekana unafanya kinyume cha kazi, lakini mchanganyiko huyeyuka mapema na kitone kinene hupeleka joto vizuri.

Sasa simamisha bodi wima, ikibanwa na vitabu au mbao mbili. Mkono mmoja una pasi upande wa nyuma, mwingine umeshika kopo mbele. Yeyusha mguu wa chanya, inamisha kopo milimita moja upande wa hasi, acha. Hamia mguu wa hasi. Hapa utaona kitu: lehemu ya juu inang'aa baada ya sekunde mbili, ukifikiri tayari. Bado. Iliyong'aa ni ya juu tu. Ya katikati ya bodi ingali ngumu. Endelea kushika, ncha ikiwa imelala ubavuni mwa mguu na kwenye pete kwa pamoja. Karibu sekunde ya tano au ya saba kitone kinatulia, kinazama kidogo ndani ya tundu, na kidole cha mkono wa pili kinahisi kopo limelegea lenyewe. Hapo ndipo uinamishe. Rudia zamu kwa zamu, mara tatu au nne, mpaka kopo litoke bila kuvutwa. Likihitaji nguvu, joto halijafika.

Ikiwa sekunde kumi zimepita bila kulegea, acha, pumzisha bodi, kisha pasha eneo zima kwa kikausha nywele dakika tatu mpaka bodi iwe ya moto kiasi cha kutoweza kuishika, ndipo urudi na pasi. Hii hupunguza pengo la joto na mara nyingi ndiyo suluhisho pekee kwa miguu ya hasi iliyo katikati ya bodi.

Kinachoogopwa kwenye kuvuta ni kijibomba cha shaba kilichokaa ndani ya tundu. Ndicho kinachounganisha matabaka ya ndani. Kikitoka na mguu, utaona bomba dogo la shaba kwenye mguu uliotolewa, na tundu limebaki na kuta za kijani kibichi au kahawia. Kazi haijaisha, lakini itabidi kapasita mpya ilehemiwe juu na chini, na kama tundu hilo lilikuwa na kazi kwa tabaka la ndani, uvute waya mfupi mnene hadi mguu wa kapasita jirani iliyo sambamba nayo. Kwa sababu kapasita za prosesa zimeunganishwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, waya huo ni halali kabisa.

Kuzibua matundu: paka flaksi, jaza tundu lehemu mpya, pasi upande mmoja na bomba la kunyonya upande wa pili, kwa wakati mmoja. Likibaki limeziba, yeyusha na usukume kijiti cha kuchokolea meno au sindano ya chuma cha pua, ambayo lehemu haiishiki. Izungushe mpaka lehemu igande, kisha uichomoe. Dreli usiiguse. Itazibua tundu na kukwangua kijibomba kwa wakati mmoja.

Kama kapasita ilivuja, safisha doa sasa kabla ya kuweka mpya, kwa mswaki na alkoholi ya isopropili, mara mbili au tatu. Elektroliti iliyobaki hula njia nyembamba za shaba polepole na hupitisha umeme kukiwa na unyevu, jambo la kuangaliwa zaidi kwa anayekaa pwani.

Kupachika ni rahisi kuliko kutoa. Linganisha na ramani yako, mguu mrefu ni chanya. Kama miguu haiendani na matundu, ishike kwa koleo karibu na kopo ndipo uikunje. Ukikunja bila kushika, unauvuta mpira na kuifungulia njia ya kuvuja. Lehemu sekunde tatu hadi tano kwa chanya, zaidi kwa hasi, mpaka uione lehemu imechungulia upande wa mbele wa tundu. Kata miguu, sugua flaksi iliyobaki, angalia kwa lenzi kama kuna daraja la lehemu kati ya mguu na njia ya jirani. Nawa mikono, lehemu ya 63/37 ni asilimia 37 madini ya risasi.

Kuwasha

Pima kwanza ukinzani kati ya chanya na hasi za kapasita za prosesa, prosesa ikiwa nje. Namba itaanza chini na kupanda kadiri kapasita zinavyojaa. Ikikaa sifuri bila kusogea, kuna daraja la lehemu, kapasita uliyoigeuza na kuiharibu, au mosfeti iliyokufa. Prosesa ikiwa ndani, ohmu chache ni kawaida, usishtuke. Halafu pima upande wa volti 12: hapo sifuri kwa kawaida humaanisha mosfeti ya juu imeungua, na ukiwasha hivyo unaweza kupeleka volti 12 kwenye prosesa ya volti 1.4.

Jaribio la kwanza lifanyike bodi ikiwa nje ya kasha, juu ya boksi la karatasi. Usiilaze juu ya mfuko wa kijivu wa kuzuia umeme tuli, kwa sababu uso wake wa nje unaweza kupitisha umeme. Weka prosesa, kipoza na feni yake, ramu moja, basi. Pawa saplai, kisha gusisha kwa bisibisi pini mbili za swichi. Vaa miwani na uso uwe mbali: kapasita iliyogeuzwa hupasuka ndani ya sekunde chache, mara nyingine dakika chache, na mvuke wake ni moto na wenye harufu kali.

Ikiwaka, iache dakika tano kwenye ukurasa wa BIOS, programu ya msingi ya bodi, na usome volti ya prosesa hapo. Zima, chomoa, gusa kila kopo. Zote ziwe vuguvugu sawasawa. Moja iliyo ya moto kuliko wenzake ina mguu usioshika vizuri, au ni ya mfululizo tofauti, au ndiyo bandia. Ikiwaka bila kuonyesha kitu, usirukie kapasita tena. Tazama miguu ya prosesa, badilisha nafasi ya ramu, pima betri ya CR2032. Ikiwa chini ya volti 2.7, weka mpya, kisha futa mipangilio ya BIOS kwa jampa.

Memtest86+, programu ya kupima ramu, iachwe usiku mzima, kwa sababu kapasita za kando ya ramu ndizo wengi huziruka na makosa yake huonekana baada ya saa kadhaa tu. Kisha siku ya pili, mashine ikiwa imelala baridi tangu usiku, iwashe mara moja tu kwa kubonyeza kidogo. Ikikubali kwa bonyezo hilo la kwanza, rudisha bodi kwenye kasha.